Saa Nane ya Asubuhi Haipo Mombasa

Shangazi yangu ana miaka 78. Anakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofa ya pili, katika nyumba ya mawe ya matumbawe yenye ngazi nyembamba zilizosimama wima kama ukuta. Mwaka jana mwanawe aliye Dubai alimletea vitu vitatu: saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo na kupiga kelele mvaaji akianguka, kamera ndogo ya kuwekwa ukumbini, na simu iliyotiwa programu ya kumkumbusha dawa. Niliitwa mimi kuvifunga, maana katika ukoo wetu ndiye nisemwaye kuwa ninajua mambo ya kompyuta. Baada ya wiki moja kamera ilikuwa imefunikwa kanga. Saa ilikuwa kabatini, ubavuni mwa chetezo. Programu peke yake ndiyo iliyobaki kazini, nayo ndiyo iliyokaribia kumdhuru.

"Mwanangu," aliniambia nilipomuuliza kwa nini haivai saa, "hiki kitu chanihesabia hatua. Hatua za kwenda wapi?"

Turudi kwenye programu. Ilikuwa na Kiswahili, na jambo hilo lilitufurahisha sote. Mwanawe aliingiza muda wa vidonge vya sukari kwa hesabu ya Kizungu, 8:00 asubuhi na 8:00 usiku. Sauti ya kike, laini, yenye Kiswahili cha redio, ikawa inatangaza: "Ni saa nane kamili asubuhi. Ni wakati wa dawa yako." Msomaji keshaona kilichotokea. 8:00 ya Kizungu ni saa mbili yetu. Saa nane ya asubuhi haipo, si Mombasa, si Lamu, si Tanga. Shangazi, ambaye saa zake zimefuata jua tangu azaliwe, alilisikia tangazo akaliona ni kosa la mtoto asiyejua kuhesabu, akangoja saa nane yenyewe, ile ya mchana. Usiku mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu saa nane ya usiku ipo. Sauti ilisema "saa nane usiku", naye kwa utiifu akatega kengele yake ya mezani, akaamka kwenye kiza totoro, akameza kidonge tumbo likiwa tupu.

Kidonge chenyewe ni cha lile kundi linalolisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Sukari ya mzee ikishuka usiku, huanza na jasho na kutetemeka, kisha akili inavurugika, kisha ndiyo hiyo safari ya chooni inayoishia sakafuni. Kilichomwokoa shangazi ni mazoea. Akiamka saa hizo huswali rakaa mbili, na kabla ya kurudi kitandani hula tende tatu na bilauri ya maji. Hakuna mhandisi aliyezitia tende zile kwenye mpango wake.

Sikisimulii kisa hiki kwa kuicheka programu. Hata mwanadamu mgeni hukosea saa zetu, na kosa lenyewe hurekebishwa kwa mistari michache ya msimbo. Nakisimulia kwa sababu kwa siku kumi na moja programu ile ilimwandikia mwanawe, kila siku, kwamba dawa imemezwa. Alama ya kijani. Yule kijana Dubai alikuwa anaona kijani na anashukuru Mungu. Taarifa ilikuwepo, tena nyingi, na haikuwa na mwenyewe. Hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kuuliza kijani hicho maana yake nini. Hapo ndipo ninapogombana na mazungumzo mengi ya akili mnemba na uzee: yanashughulika na kupima, kana kwamba mzee wa Mombasa anateseka kwa kukosa namba.

Mazungumzo hayo si ya bure, nakubali. Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kuzeeka kwa afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 mtu mmoja katika kila sita duniani atakuwa na miaka 60 na kuendelea, na kwamba ifikapo 2050 wengi wa wazee hao, karibu wanane katika kila kumi, watakuwa wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani huku kwetu. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya milioni 47.6, na waliotimiza miaka 60 walikuwa takriban milioni 2.7. Bado tu taifa la vijana, na ndiyo maana vifaa vingi vya uzee tunavyoletewa vilibuniwa kwa ajili ya watu wengine.

Japani wana Paro, roboti mwenye umbo la mtoto wa sili mwenye manyoya meupe, anayepapaswa na wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Jimbo la New York liligawa mashine za mezani za kuzungumza na wazee wanaoishi peke yao. Siwakejeli, upweke unaua, na kwao mzee anaweza kukaa wiki bila kusikia hodi. Sisi tuna baraza, twasema, tuna kahawa chungu na mtu wa kucheza naye bao. Lakini tusijidanganye pia. Baraza iko chini na mzee yuko juu. Siku magoti yanapokataa zile ngazi, hiyo baraza ya mita tano chini ya dirisha lake inakuwa mbali kama Zanzibar. Nawajua wazee watatu katika uchochoro mmoja ambao husalimiana kwa madirisha.

Basi mzee wa hapa anahitaji nini? Kwanza, saa. Nimelifikiria sana hili la saa nane, na naona suluhisho lake lilikuwa likipiga kelele masikioni mwetu mara tano kwa siku. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta. Magharibi yetu haihamihami kama ya Uingereza. Mwaka mzima inapishana kwa nusu saa na kitu. Kati ya adhana ya alfajiri na ya magharibi kuna takriban saa kumi na tatu, na baada ya kila moja mtu hutia kitu tumboni. Kwa dawa ya mara mbili kwa siku, hakuna kengele ya kuishinda. Haihitaji bando, haihitaji chaji, na mwenye mato yaliyoingia mtoto wa jicho huisikia vilevile. Daktari akimwambia shangazi "kimoja na chai baada ya alfajiri, kimoja na chakula baada ya magharibi", ameshamaliza. Kwa mzee wa Mikindani asiyefuata adhana, kuna taarifa ya habari ya saa moja jioni, ambayo hajaikosa tangu enzi za redio za betri kubwa. Mtengenezaji mwerevu wa programu angeanza kwa kuuliza mzee anaijuaje siku, kisha angeitundika dawa hapo. Na Ramadhani ikiingia angejua kwamba ratiba nzima inahamia futari na daku, jambo la kupangwa na daktari wiki kadhaa kabla. Kumkumbusha aliyefunga kwamba ni wakati wa kidonge pamoja na chakula cha mchana ni kumfunza kutosikiliza.

Lugha ni mlango wa pili, na hapa matatizo ni mazito kuliko yanavyoonekana. Mashine za kusikia usemi hufundishwa kwa sauti zilizorekodiwa, na wanaojitolea kurekodi mtandaoni wengi wao ni vijana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka mahsusi kuonya kwamba akili mnemba katika afya inaweza kuwabagua wazee, kwa kuwa data inayofundishia mara nyingi haina wazee wa kutosha. Ongeza juu yake Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Shangazi hasemi "nina kizunguzungu machoni giza". Husema "kisunzi chaniandama, mato yaingia kiza". Niliijaribu sentensi hiyo mbele ya mashine moja ya kuzungumza. Ikaandika "kisu cha ni andama" na kunipa ushauri wa huduma ya kwanza kwa aliyejikata. Tulicheka hadi tukatoka machozi. Kisha nikafikiria angekuwa peke yake.

Kuna na lile la upepo. Wapo wazee hapa ambao mtu akipooza upande mmoja ghafla, watakwambia kapigwa na upepo. Anayejua anasikia kiharusi, na anajua kwamba saa chache za mwanzo ndizo zenye tumaini. Asiyejua, awe mashine au daktari kijana aliyeletwa kutoka bara, anaweza kusikia habari za hali ya hewa. Kiswahili sanifu hakitoshi kwa kazi hii, na sisi wenyewe tulio na redio za mitaani zilizojaa sauti za wazee wa Mvita tunaweza kulirekebisha tatizo hili kabla ya kampuni yoyote ya ng'ambo kugundua kwamba lipo.

Kuhusu ngozi nitasema kidogo tu. Vile vibanio vya kidoleni vya kupima oksijeni, na saa nyingi zinazofanya kazi hiyohiyo, hutegemea mwanga unaopita kwenye ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 uligundua kwamba vibanio hivyo viliwakosea wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya weupe, vikionyesha oksijeni iko sawa ilhali imeshuka. Anayemnunulia mzazi kifaa cha aina hiyo aulize kilijaribiwa juu ya ngozi ya nani.

Hadi hapa naonekana kama mpinzani. Siyo. Kuna kazi ambazo mashine huzifanya vizuri ajabu, na moja ilikomaa hapahapa Kenya. Peek ni programu ya simu ya kupima uoni iliyofanyiwa majaribio kwa watu wazima 300 wenye miaka 55 na zaidi, matokeo yakachapishwa 2015. Inavyofanya kazi ni raha kuiona. Mpimaji anasimama hatua kadhaa mbele ya mzee ameshika simu yenye herufi E moja, iliyogeuzwa juu, chini, kulia au kushoto. Mzee ananyoosha kidole kule miguu ya E inakoelekea. Mpimaji hata haitazami simu. Anapitisha kidole chake kwenye kioo kufuata kidole cha mzee, na simu inahesabu. Hakuna kusoma, hakuna Kiingereza. Kupima uoni kwa njia hiyo si lazima umngoje mtaalamu wa macho. Aliyefundishwa kidogo anaweza. Tazama simu ilikokaa: mkononi mwa mtu wa pili, aliyekuja kwa ajili ya mzee na ambaye ataandika jina lake.

Sasa nieleze ya daftari, maana ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, ambao mtaani tunawaita kwa herufi tu, CHP. Kila mmoja hupewa kaya zipatazo 100, simu, na mkoba wenye mashine ya presha, kipima sukari, mizani na kipimajoto. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, pesa ambayo kwa kazi ile mimi naiona ni matusi. Wa kwetu ni mama wa makamo kutoka Kuze. Alipanda zile ngazi asubuhi moja, akabisha hodi, akakaa kwanza. Hakutoa mashine. Alikunywa chai, akauliza habari za wajukuu mmoja mmoja kwa majina, dakika kumi hivi zikapita. Mimi niliyekuwa nikitazama saa nilidhani anapiga soga. Kumbe presha haipimwi mtu akiwa anahema kutoka jikoni, na chai ile ilikuwa ni kumpumzisha.

Kisha akamwambia, "Mama, nyamaza kidogo sasa." Kuzungumza peke yake huweza kuipandisha namba ya juu kwa pointi 10 hivi. Akaikunja mikono ya dera mpaka juu, kwani sisi siku zote tulikuwa tunafunga ule mfuko wa hewa juu ya nguo. Akautazama mfuko wenyewe, akasema ni mdogo kwa mkono wa shangazi. Akaufungua wake mkubwa. Mfuko mdogo unadanganya kwa kupandisha. Akapima: 118. Akamsimamisha, akahesabu dakika moja, akapima tena: 92. Presha ya juu ikishuka pointi 20 au zaidi mtu anaposimama, hiyo ni hatari ya kuanguka iliyovaa nguo ya afya njema. Mashine yetu ya nyumbani, ile ambayo namba zake zilipigwa picha kila siku na kutumwa Dubai, haikuwahi kumpima amesimama hata mara moja. Hakuna aliyeiagiza.

"Kisunzi chaja lini, mama?" akauliza.

Shangazi akamwonyesha daftari. Mimi nilikuwa nimeliona daftari lile mara nyingi nikidhani ni la nyuradi. Limeandikwa Kiswahili kwa khati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama wanawake wengi wa rika lake walivyofundishwa chuoni, yaani madrasa. Kwenye fomu za serikali wanawake hawa huandikwa "hajui kusoma wala kuandika". Shangazi alikuwa ameandika presha yake kila asubuhi kwa miezi minne, na siku za kisunzi ametia kafu ndogo pembeni, ile herufi ya Kiarabu ya K. Programu ya simu ilitupatia vijigrafu vya rangi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvifungua. Yule mama wa Kuze alisoma chuo. Akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa akitamka namba kwa sauti, na kwenye ukurasa wa tatu akasimama.

"Kafu zaanza baada ya mwezi wa Rajabu. Rajabu ulibadilishiwa dawa?"

Mkebe wa biskuti ukaletwa. Ndani mlikuwa na maboksi mawili ya dawa ya presha, moja la bluu na moja jeupe, majina mawili tofauti ya kibiashara, na chini yake kwa herufi ndogo neno lilelile: amlodipini. La bluu alipewa zamani. Jeupe aliandikiwa zahanati nyingine iliyokuwa haina la bluu. Alikuwa anameza yote mawili. Nyayo zake zilikuwa zimevimba tangu siku hizo, na sote, mimi nikiwemo, tulisema ni uzee.

Hii ndiyo kazi ya mashine, na nashangaa kwa nini haiwekwi mbele. Kulinganisha maboksi mawili na kusema "hii ni dawa moja" ni kitu ambacho kompyuta hukifanya kwa kufumba na kufumbua, bila uchovu, bila aibu ya kuhoji maandishi ya daktari. Mzee mwenye presha, sukari, na baridi yabisi anaweza kuwa na vidonge vya aina sita kutoka sehemu tatu ambazo hazizungumzi. Mpe CHP simu yenye uwezo wa kuyapiga picha maboksi yote ya mkebe na kuonya kuhusu dawa zilizojirudia na zinazopigana, na utakuwa umezuia watu kuanguka kuliko saa zote za Dubai. Lakini simu hiyo ingefika kwenye mkebe kwa sababu mtu aliuliza kuhusu kafu. Mkebe wenyewe haukuwa na kamera, na wangeiweka kamera, ungefunikwa kanga.

Kuna ushahidi wa karibu unaoniunga mkono, na unaonipinga kidogo pia. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Nairobi katika zahanati 15 za Penda Health, wakishirikiana na OpenAI, kampuni ya Marekani yenye ChatGPT, kwa ziara 39,849 za wagonjwa. Akili mnemba ilikaa nyuma ya pazia, ikisoma anachoandika mhudumu na kuwasha kijani, njano au nyekundu. Makosa ya utambuzi yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Ni matokeo mazuri, na yamepatikana kwa mashine iliyokaa upande wa mhudumu. Linalozungumzwa kidogo ni kwamba mwanzoni wahudumu wengi waliiona nyekundu wakaipita, mpaka wenzao walipowakalia karibu na kuwafundisha. Na wagonjwa walipoulizwa baadaye wanajisikiaje, hapakuwa na tofauti ya kutegemewa kati ya waliohudumiwa na mashine na wasiohudumiwa nayo. Hilo la mwisho linaniuma mimi pia, kwa sababu linaonyesha kwamba hata mhudumu akiwa ndiye mwenye namba, safari ya kutoka namba iliyo sahihi hadi mwili uliopona bado ni ndefu.

Na kuna mashine nyingine ambazo hatuziiti akili mnemba, ingawa zinaamua habari zetu kwa hesabu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa imekuwa chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kipato kwa maswali ya vitu vinavyoonekana: kuta za nyumba ni za nini, choo cha aina gani, maji yatoka wapi, unapikia nini. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na ulipaji wa kawaida kwa watu hawa ni wa mwaka mzima kwa mkupuo. Sasa mchukue mjane wa Mji wa Kale. Kuta zake ni za mawe, unene wa mkono mzima. Choo kimo ndani, umeme umo, jiko ni la gesi aliyonunuliwa na mwanawe. Nyumba ni wakfu, haiuzwi, haiwekwi rehani, na yeye ana chumba kimoja ndani yake kwa hisani ya waliokwisha kufa. Chake cha hakika ni zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii ambazo serikali huwapa waliotimiza miaka 70. Fomula ya kuta inaweza kumwona tajiri.

Marekani waliwahi kunaswa na kosa la aina hii. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba programu iliyotumika kuchagua wagonjwa wa kuhudumiwa zaidi ilikuwa inapima mahitaji ya mtu kwa kiasi cha pesa kilichotumika kumtibu. Weusi walikuwa wametumiwa pesa kidogo, basi programu ikawaona wazima. Kosa liliporekebishwa kwenye hesabu, sehemu ya weusi waliostahili msaada wa ziada ilipanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakukuwa na mtu mbaya aliyekaa akapanga ubaguzi. Waliuliza kitu kilicho rahisi kuhesabika mahali pa kitu walichotaka kujua. Jiwe la matumbawe nalo ni rahisi kuhesabika.

Nirudi kwenye ile kanga ya kamera, maana mtoto wa Dubai alikasirika sana. Alidhani mamake amekataa maendeleo. Mama yule nyumbani kwake hukaa kichwa wazi, na dera lake jembamba la joto la Machi; tangu lini mwanamke wa hapa akatazamwa vile na mtu asiyemwona? Sitara haiishi kwa kuzeeka. Sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 inazitaja taarifa za afya kuwa nyeti na kutaka ridhaa, lakini pale simu ilipouliza "Unakubali?" aliyebonyeza ni mjukuu wa miaka 14, na picha za presha zilikuwa zinaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu 31, mmoja wao talaka yake na familia yetu ina miaka sita. Vipo vihisi vya kugundua kuanguka visivyo na jicho. Angeulizwa, angechagua hivyo. Kanga aliyoitundika, nimekwenda kuitazama makusudi, imeandikwa "Hayakuhusu".

Boksi la bluu liliondolewa kwa amri ya daktari wiki iliyofuata, na ratiba ya vidonge vya sukari ikaandikwa upya kwa adhana. Yule mama wa Kuze alirudi siku ya nne, kisha ya kumi, akampima amekaa na amesimama. Mara ya pili tofauti ilikuwa pointi 9. Nyayo zilishuka taratibu. Mwezi wa Mfunguo Sita shangazi aliteremka ngazi mwenyewe, akishika ukuta, akaenda kusomewa Maulidi nyumba ya tatu. Daftari bado analiandika kutoka kulia kwenda kushoto. Saa anaivaa mjukuu sasa. Humhesabia hatua akienda ufukweni Mama Ngina kula mihogo.